Maji Yakipwa, Ndani ya Mwani wa Kijani Kunatokea Nini?

Siku za bamvua, pwani ya mashariki ya Unguja hukauka mapema. Ikifika saa nne, saa tano asubuhi, kuanzia Chwaka hadi Jambiani bahari imeshakwenda zake kule mwambani na jua limeshapanda. Huku nyuma hubaki vidimbwi, na ndani yake mna mwani wa kijani ambao watu huukanyaga bila ya kuutazama: Ulva, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, Caulerpa, unaotambaa mchangani, Halimeda, wenye vipande vigumu vya chokaa ambavyo vikifa na kusagika huwa sehemu ya mchanga mweupe tunaowasifia wageni.

Kidimbwi cha kina cha kiganja si mahali pa starehe. Maji yake hupata moto kuliko bahari, na yanavyogeuka mvuke huacha chumvi nyuma. Mwani wenyewe, kwa kujitengenezea chakula kwa mwanga, huimaliza kaboni dayoksaidi iliyomo, na uasidi wa maji hushuka. Ikiwa ni masika na mvua ikanyesha maji yakiwa yamekupwa, chumvi ile ile iliyokuwa imezidi huporomoka ndani ya dakika chache. Kisha bahari inarudi na mambo yanageuka tena kwa mpigo mmoja.

Kaa ataingia shimoni. Mwani hauna pa kwenda. Kama kuna kujihami, lazima kufanyike ndani ya seli, na sehemu kubwa ya kujihami huko hupitia kwenye kiunzi cha seli, hasa kwenye vibomba vyake vinavyoitwa mikrotubuli. Utasikia ikisemwa kwa mkato kwamba dhiki ya mazingira huvunja mikrotubuli. Ni kweli, ila ukiishia hapo utadhani kuvunjika ni kuumia. Mara nyingi sivyo.

Kwanza tusichanganye mwani. Ule unaolimwa Zanzibar tangu 1989, yaani spinosum na cottonii, ni wa ukoo wa mwani mwekundu, hata pale cottonii inapoonekana ya kijani kibichi. Ninaouzungumzia hapa ni mwani wa kijani wa kweli, jamaa wa mikarafuu na michungwa: una klorofili zile zile, huweka akiba ya wanga kama mimea ya nchi kavu, na tubulini yake inashabihiana mno na yao. Mwekundu tutaufikia, kwa sababu najua swali hilo litaulizwa.

Mikrotubuli ni kibomba kilicho wazi ndani, chenye kipenyo cha takriban nanomita 25. Ukivipanga 40,000 ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita 1. Ukuta wake umejengwa kwa protini iitwayo tubulini, ambayo huja kwa jozi, alfa na beta, kila jozi ikiwa na urefu wa nanomita 8. Jozi hupangana moja nyuma ya nyengine kuwa uzi, na kwa kawaida nyuzi 13 zikisimama pamoja na kufunga duara, kibomba kimekamilika. Kazi zake ni nyingi. Huelekeza selulosi, yaani nyuzi zinazojenga ukuta wa seli, ilazwe upande gani, na kwa njia hiyo huamua seli irefuke au ivimbe. Hushikilia viini na kloroplasti mahali pake. Hutenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Na kwa mwani unaoogelea, ndivyo vibomba vinavyojenga flajela, ule mkia wa kupigia maji.

Kiunzi hiki si kitu cha kudumu. Kinafanana zaidi na dago la wavuvi: miti husimamishwa, watu hukaa, na upepo ukigeuka dago huvunjwa na miti ile ile ikabebwa kwenda kusimamishwa kwengine. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba hata pasipo dhiki yoyote kibomba hakitulii. Kinakua, ghafla kinaporomoka, kisha kinaanza tena, huku cha jirani yake kikiendelea kurefuka kana kwamba hakuna lililotokea. Sababu yake ni hii. Kila jozi ya tubulini inayojiunga huja na molekuli ya GTP, kitu kidogo chenye kubeba nishati. Ikishakaa ukutani, GTP hiyo huvunjwa kuwa GDP, na jozi yenye GDP ina tabia ya kutaka kupinda na kutoka nje ya mstari. Kinachoizuia ni jozi mpya zilizoko nchani, ambazo GTP yao bado nzima. Ncha hiyo ikipotea, ukuta mzima hufumuka.

Kwa hiyo dhiki haina haja ya kuvunja chochote kwa nguvu. Inatosha jozi mpya zichelewe kufika, au ncha ilegezwe kidogo, na kibomba kitajimaliza chenyewe.

Tabia hii iliwaficha mikrotubuli wanasayansi kwa miaka. Wenye hadubini za elektroni walikuwa wakihifadhi seli kwa kemikali ya osmiamu, tena kwenye baridi, na baridi huyeyusha vibomba hivi. Waliviangamiza kabla ya kuvitazama. Mwaka 1962 Paul Green, aliyekuwa akichunguza Nitella, mwani wa kijani wa maji matamu, aliutia kolkisini, sumu ya mmea ambayo ilishajulikana kuharibu nyuzi zinazotenganisha kromosomu. Seli ndefu za Nitella zikaacha kurefuka, zikaanza kuvimba, na selulosi ikawa inalazwa ovyo. Green akasema lazima kuna protini ya aina ile ile ya nyuzi za mgawanyiko inayoelekeza selulosi, ingawa hapakuwa na aliyeiona mahali hapo. Mwaka uliofuata Ledbetter na Porter walitumia kemikali nyengine ya kuhifadhia, gilutaraldehaidi, badala yake, wakaviona vibomba pembezoni mwa seli za mimea, vimelala sambamba na selulosi. Ni nadra kwenye biolojia mtu kutabiri kitu kwa kutazama umbo la mwani tu, na kitu hicho kikaonekana ndani ya mwaka mmoja.

Baridi inafanyaje kazi? Jozi za tubulini zinapokutana hufukuza maji yaliyozizunguka, na kuachiwa huru kwa maji hayo ndiko kunakozisukuma zishikane. Msukumo huo hupungua joto likishuka. Maabara huitumia hali hii kusafisha tubulini ya ubongo wa ng'ombe au nguruwe: wanaipasha hadi nyuzijoto 37 ijijenge, wanaipoza hadi 4 isambaratike, wanarudia tena na tena mpaka uchafu ubaki nyuma. Nadhani barafu imependwa kupita kiasi. Majaribio mengi ya kuvuruga mikrotubuli yamefanywa kwa baridi kwa sababu barafu haikosekani maabara, na msomaji wa huku anaweza kudhani baridi ndiye adui namba moja. Huko Antaktika sawa, ingawa hata huko wapo samaki na mwani ambao tubulini yao hujijenga kwenye maji yaliyo karibu kuganda. Kizimkazi na Micheweni hakuna baridi ya namna hiyo. Dhiki za kwetu ni chumvi, maji ya mvua, jua na joto.

Kinachoziunganisha dhiki hizi ni kalsiamu. Bahari ina kalsiamu karibu mara 100,000 kuliko ile inayoelea huru ndani ya seli, na seli hutumia nishati usiku na mchana kuizuia. Mwaka 1972 Richard Weisenberg alipofanikiwa kuijenga mikrotubuli kwenye chupa ya majaribio, siri yake ilikuwa hiyo: aliiondoa kalsiamu, na tubulini ikakubali kujipanga. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini dhiki zisizofanana huleta matokeo yanayofanana. Asidi ikipenya, utando ukivutwa na maji yanayoingia, chumvi ikipanda, au mwani ukichomwa na mwiba, milango ya kalsiamu kwenye utando hufunguka. Kalsiamu ikiingia, vibomba vingi huanza kulegea, na papo hapo protini nyengine zinazoisikiliza kalsiamu hupata amri ya kukata, kuvuta au kujenga upya. Kalsiamu ni mharibifu na ni mjumbe kwa wakati mmoja, na ukiiona kwa upande mmoja tu utakosea hesabu.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni Chlamydomonas reinhardtii. Ni mwani wa kijani wa seli moja, wa mikromita 10 hivi, unaoishi kwenye udongo na madimbwi ya maji matamu, na huogelea kwa flajela mbili ambazo kila moja ina urefu wa mikromita 10 hadi 12. Ndani ya kila flajela mna jozi 9 za mikrotubuli kwa mzunguko na mbili katikati. Ukiutia asidi kidogo, ukashusha pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka uasidi ukizidi) mpaka kiasi cha 4.5, ndani ya sekunde chache flajela zote mbili hukatika. Hazimomonyoki wala kunyofoka ovyo. Hukatwa mahali maalumu karibu na shina, utando ukaziba, na seli ikabaki nzima. Kuna aina zilizobadilika kijenetiki ambazo haziwezi kukata hata zikitiwa asidi, na nyengine ambazo kalsiamu haiingii kwao asidi inapofika, nazo pia hubaki na flajela zao. Seli isiyovunja hapa ndiyo yenye kasoro.

Yanayofuata yanaweza kuonekana kwa hadubini ya skuli, mradi ikuze mara 400. Siki ya dukani ndiyo asidi yenyewe: tone moja moja kwenye maji yenye Chlamydomonas mpaka ziache kuogelea, usubiri nusu dakika hivi, kisha urudishe hali ya kawaida kwa magadi kidogo. Usipoyatia magadi zitakufa, na hapo utakuwa umejifunza kuhusu siki tu. Ukiyatia kwa wakati, flajela huanza kuchipua upya, na baada ya saa moja na nusu hadi mbili seli zinaogelea tena. Mwaka 1969 Joel Rosenbaum na wenzake walizizuia seli zisitengeneze protini mpya baada ya kukatwa. Flajela zikaota hata hivyo, ila zikaishia karibu na nusu ya urefu wake. Maana yake seli huwa na akiba ya tubulini iliyowekwa kwa siku kama hiyo, na nusu iliyobaki inangoja jeni za tubulini ziwashwe, nazo huwaka kwa nguvu mara tu mkato unapotokea. Walijaribu pia kukata moja tu. Ile iliyobaki ilianza kufupika, ikatoa vifaa vyake kwa mwenziwe, na zilipolingana urefu zikaendelea kukua pamoja.

Si vibomba vyote vinavyokubali kubomolewa kwa urahisi. Chini ya flajela, Chlamydomonas ina mafungu manne ya mikrotubuli yanayoshikilia shina lake ndani ya seli, na haya hustahimili baridi na kolkisini. Tubulini yake imebandikwa asetili, alama ya kikemikali ambayo kwenye alfa tubulini ilitambuliwa kwanza kwenye flajela za mwani huu huu. Kwa hiyo dhiki inapopita hubaki msingi wa kuanzia, na vibomba vipya havianzi ovyo ovyo. Tena hata pasipo dhiki, kila Chlamydomonas inapotaka kugawanyika huzivuta flajela zake ndani kwanza. Kubomoa ni kazi yake ya kawaida, na dhiki huiharakisha tu.

Turudi baharini. Kwenye vidimbwi vya Unguja na Pemba hupatikana Boergesenia forbesii, vijifuko vya kijani vya sentimita chache vinavyong'aa, vimejaa maji ndani. Kila kifuko ni seli moja, yenye viini vingi mno vilivyotawanyika kwenye utandu mwembamba wa kijani uliogandamana na ukuta. Ndani ya utandu huo mikrotubuli zimelala kwa urefu wa seli, sambamba, na nyengine huzunguka viini. Kichome kwa mwiba wa mchongoma. Maji yatachuruzika, na utandu wa kijani uliokuwa laini utaanza kujikusanya: kwanza unakuwa kama wavu wenye matundu, halafu wavu unakatika, na baada ya saa chache ndani ya ganda lile lile mna vidonge vya kijani vingi, kila kimoja na viini vyake, kila kimoja kikijijengea ukuta wake. Kila kidonge kinaweza kukua kuwa mwani mzima. Kazi ya kuvuta hapo hufanywa na aktini, uzi mwengine wa kiunzi, ikiamriwa na kalsiamu iliyoingia kwenye jeraha. Mikrotubuli zilizokuwa zimenyooka hupindapinda na kufuata mkokoto, kisha hupangwa upya ndani ya kila kidonge. Mtu akiipiga picha seli hiyo katikati ya shughuli ataandika kwamba kiunzi kimevurugika. Angengoja kidogo angeandika jengine.

Chumvi ina mwendo wake. Chlamydomonas ya maji matamu ikiwekwa kwenye maji ya chumvi hupoteza flajela, na seli zilizogawanyika hukaa pamoja ndani ya ute bila ya kutawanyika, mpaka hali itengemae. Ukitaka bingwa wa chumvi, fikiria mashamba ya chumvi ya Pemba, yale yaliyochimbwa kando ya mikoko. Kwenye maji mazito ya namna hiyo, duniani kote, huishi Dunaliella, mwani wa kijani usio na ukuta mgumu kabisa. Umbo lake linategemea utando na kiunzi kilicho chini yake. Chumvi ikipanda, husinyaa ndani ya dakika chache, kisha huanza kutengeneza gliseroli ndani yake, kitu kinachoyavuta maji yarudi ndani ya seli, na baada ya saa chache ujazo wake umerudi. Mvua ikinyesha hufanya kinyume chake. Seli inayosinyaa na kutanuka namna hiyo ikiwa na kiunzi kilichokakamaa ingechanika.

Joto ni habari tofauti na huwatatiza wengi. Kwa kuwa baridi huyeyusha mikrotubuli, mtu hutegemea joto liziimarishe, na mpaka kiasi fulani huziimarisha kweli. Ukivuka kiasi hicho mambo hugeuka: utando huvuja kalsiamu, nishati ya kuhuisha GTP hupungua, na protini zenyewe huanza kufunuka. Seli hutoa protini za kukabili joto, na baadhi yake zimekutwa ndani ya flajela za Chlamydomonas, jirani kabisa na vibomba. Wakati mbaya kuliko wote ni seli inapogawanyika, kwa sababu nyuzi za kutenganisha kromosomu zikivurugika hapo, kosa haliwezi kusawazishwa baadaye. Kromosomu imeshakwenda upande usio wake. Chlamydomonas hugawanyika usiku, na jambo hilo huiepusha na joto la mchana.

Metali na dawa nitazipitia haraka, maana hizo ni sumu, na sumu haina siri kubwa. Zebaki hushikana na salfa iliyomo kwenye tubulini na kuizuia kujipanga. Shaba, ambayo huwekwa kwenye rangi za kuzuia viumbe kuota chini ya vyombo, huichosha seli kwa oksijeni kali kabla hata ya kufika kwenye tubulini. Lililo la kuangaliwa zaidi ni dawa za magugu kama trifluralini na orizalini. Hushika tubulini ya mimea na kuiacha ya wanyama, na kwa kuwa tubulini ya mwani wa kijani ni ya ukoo wa mimea, nao hupigwa. Kuna Chlamydomonas zilizopona dawa hizo kwa kubadilika asidi amino moja tu kwenye beta tubulini, ya nafasi ya 350, na vibomba vyake vikawa imara kuliko kawaida.

Kwa hiyo ukikutana na habari kwamba dhiki fulani imevunja mikrotubuli za mwani, usikubali wala usikatae kabla ya kuuliza zilirudi au hazikurudi, na baada ya muda gani. Dhiki ya saa moja ikifuatwa na kujengwa upya ni maisha ya kila siku ya kidimbwini. Dhiki inayokaa wiki nzima, ikakuta akiba ya tubulini imekwisha na nishati ya kutengeneza nyengine haipo, ni ugonjwa. Picha ya hadubini iliyopigwa mara moja haitofautishi baina ya mambo haya mawili, na nionavyo mimi hapo ndipo maelezo mengi yanapokosea.

Na cottonii je? Tangu miaka ya 2000 wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wameiona ikigeuka nyeupe na kukatikakatika kwenye maji ya pwani, na anayesoma haya anaweza kuwaza kwamba kisa ni vibomba. Kama vinahusika, ni kwa sehemu ndogo. Mwani mwekundu una mikrotubuli, lakini katika maisha yake yote hauna flajela, hata mbegu zake hubebwa na maji tu, na mengi niliyoyaeleza juu ya Chlamydomonas hayauhusu. Ugonjwa ule huanza maji yanapozidi nyuzijoto 30 kwa siku mfululizo au chumvi inapopandapanda na kushuka, mwani ukadhoofu, kisha bakteria wakaingia. Ndiyo maana Flower Msuya na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walihimiza cottonii ihamishiwe maji ya kina zaidi, ndani ya nyavu zilizoshonwa mviringo badala ya kamba na vijiti vya pwani, kwa vile kule joto na chumvi havipandi na kushuka kila maji yakipwa.